Kasikisi bila harufu: matata iko fasi gani?



Tukipita kwenye mashamba ya migomba hapa Bunia na pembeni yake, mara nyingi swali tunalopewa si la mbolea wala la miche. Ni la pombe. Kasikisi imetoa povu vizuri, rangi iko, inalevya kidogo kama kawaida, lakini ukiweka pua juu ya kikombe hausikii kitu. Ladha nayo ni ya maji. Mnunuzi anakunywa kikombe kimoja, anasema asante, kesho anapita kwa mwingine.

Kwa mama anayelipa minervale ya watoto kwa bidoni mbili tatu za kasikisi kila siku ya posho, hiyo si hadithi ndogo. Ndizi alilima yeye, kuni alinunua, mtama alinunua, siku nane za kazi zimekwenda. Kiisha anauza kwa bei ya chini, ao anatafuta njia ya mkato ya kuipa pombe nguvu. Hiyo njia ya mkato tutaizungumzia pia, kwa sababu njo pale watu wanaumia.

Hatuandiki somo hili ili watu wanywe zaidi. Tunaliandika kwa sababu ndizi za pombe ni zao la soko kama kahawa ao kakao, na anayelima zao lazima ajue ubora wake unapotea wapi.

Tuanze na bia ya chupa, maana mnunuzi anailinganisha kasikisi yenu nayo. Ule uchungu na ile harufu ya majani-maua katika bia ya chupa havitoki kwa nafaka. Vinatoka kwa maua ya mmea unaoitwa hopi. Mmea huo unataka mchana mrefu sana wakati wa kiangazi cha nchi za baridi, kwa hiyo unalimwa zaidi Ujerumani, Marekani na Cheki. Hapa kwetu karibu na ikweta, ambapo mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, hauzai sawasawa. Afrika Kusini wanaulima upande wa George, lakini ilibidi watafute mbegu zinazovumilia mchana mfupi. Msipoteze feza kutafuta mbegu za hopi.

Lakini mafundi wa bia wanatufundisha jambo moja. Hopi inayotiwa mapema na kuchemshwa saa nzima inaacha uchungu, ila harufu yake inaruka na mvuke. Anayetaka harufu anatia hopi nyingine mwisho, moto ukikaribia kuzimwa, ao hata bia ikiwa imepoa. Harufu ni kitu chepesi, kinaruka. Kasikisi haina hopi, lakini sheria ni ileile: harufu yake inatengenezwa wakati fulani, na kiisha inapotea wakati fulani. Katika kasikisi sehemu kubwa inatengenezwa kabla juisi haijaingia ndani ya bidoni. Watu wengi wanatafuta kosa ndani ya bidoni, na njo maana hawalioni.

Kunusa mara tatu

Mtakapotengeneza tena, mnuse mara tatu na kuandika kila mara. Mara ya kwanza ni ndizi zikitoka ndani ya shimo, kabla ya kumenya. Mara ya pili ni juisi safi, kabla ya tone moja la maji. Mara ya tatu ni pombe yenyewe, asubuhi ya kuuza. Kama ndizi hazinukii, kosa liko shambani ao katika kuvundika. Kama ndizi zinanukia lakini juisi hapana, angalia kukamua. Juisi ikinukia vizuri na pombe hainukii, basi ni maji, mtama, chombo ao siku za kungoja. Kazi ya dakika mbili, inaokoa wiki nzima ya kubahatisha.

Ndizi iliyokatwa mbichi sana

Ndizi changa ni wanga mtupu. Katika ndizi mbichi iliyokomaa, karibu sehemu moja kwa tano ya nyama yake ni wanga. Ikiiva, karibu wanga wote unageuka sukari. Harufu inakuja pamoja na mabadiliko hayo, na inakuja mwishoni, wakati ganda limekwisha kuwa njano. Kitu kikubwa katika harufu ile kinaitwa asetati ya isoamili. Chachu nayo inakitengeneza kidogo wakati pombe inachacha, njo maana hata bia ya ngano ya Ujerumani, isiyo na ndizi hata moja, inaweza kunukia ndizi. Lakini chachu haiwezi kulipa deni lote la ndizi iliyokatwa kabla ya wakati.

Tunajua kwa nini mikungu inakatwa mapema. Kuko wezi. Kuko pia wale ambao hawajui kama wiki ijayo wataweza kurudi shambani, na kwao kukata leo ni akili, si uzembe. Ila mujue matokeo: mkungu ambao vidole vyake bado vina pembe kali hautatoa harufu hata ukiuvundika siku kumi. Utalainika tu. Ngoja vidole vijae na pembe ziwe mviringo. Ukiona kidole kimoja cha juu kimeanza kuwa njano juu ya mgomba wenyewe, ni wakati mzuri kabisa. Mkilazimika kukata mapema, mikungu hiyo musiichanganye na iliyokomaa. Ivundikeni peke yake, ao muile nyumbani.

Aina ya ndizi nayo ina neno. Pisang Awak, ile ambayo Waganda wanaita Kayinja, inatoa juisi nyingi yenye harufu. Yangambi Km5, iliyopewa jina la kituo chetu cha utafiti cha Yangambi karibu na Kisangani, ni tamu na inavumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Ndizi za pombe za milimani zina ukakasi, na ukakasi huo unasaidia juisi kujitenga na nyama. Makemba hapana. Makemba yanabaki na wanga mingi hata yakiiva, mtakamua mpaka jioni na kupata uji.

Mkungu mgonjwa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hasara si ya bidoni moja tu.

Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na karibu wakati huohuo Masisi, Kivu ya Kaskazini. Kutoka pale umetembea. Pisang Awak njo inayopata kwanza, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua lake la chini wanaleta bakteria. Dalili mnazijua: majani yanageuka njano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ua la chini linanyauka, ndizi zinaiva mbio kabla ya kujaa, nyingine njano nyingine mbichi katika mkono mmoja. Ukikata ndizi unaona rangi ya kutu ndani. Ukikata shina, unatoka ute wa njano.

Watu wanasema: kwa kuwa imekwisha kuiva, tuipeleke kwa pombe. Bakteria huyo hamdhuru mtu anayekunywa, ni kweli. Lakini ndizi hiyo haikuiva, imeoza ikiwa na wanga ndani. Vidole vitano vya namna hiyo katika shimo vinatosha kuharibu harufu ya juisi nzima. Kibaya zaidi ni ile safari. Mkungu mgonjwa unabebwa kwa kinga kutoka kijiji kingine, maganda yanatupwa chini ya migomba yenu, kisu kilichoukata kinakata mwingine asubuhi yake. Majani yake yanatandikwa ndani ya shimo. Biashara ya ndizi za pombe imesambaza mnyauko huu kuliko mvua.

Basi kabla ya kuvundika, kata kidole kimoja cha kila mkungu unaonunua. Rangi ya kutu ndani? Rudisha, ao zika mbali na shamba. Kwa shamba lenu wenyewe, ondoeni ua la chini mara mkono wa mwisho wa ndizi ukitokea, kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Panga lipitishwe katika moto mpaka liwe moto sana, ao lioshwe kwa maji ya javeli, kipimo kimoja cha javeli kwa vitano vya maji, kila mnapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Inachosha. Kuanza shamba upya kunachosha zaidi.

Shimo la kuvundikia

Kazi ya shimo si kupika ndizi. Moshi una gesi inayoitwa etileni, na ndizi yenyewe inaitoa pia. Gesi hiyo njo inayoamsha ndizi ianze kuiva. Joto linasaidia kidogo tu. Moto ukizidi, ndizi inalainika ndani huku ganda likibaki kijani, na harufu haizaliwi. Nimeona mashimo mengi ambako kuni zinawashwa kama za kupika maharagi. Ukiingiza mkono kati ya mikungu, usikie joto la mwili wa mtu mwenye afya, si zaidi. Moshi uingie saa chache siku ya kwanza, kiisha uzime, funika kwa majani na udongo.

Siku ngapi? Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanashika hesabu ya jirani. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari. Upande wa Mambasa ni chini na kuna joto. Milima ya Djugu na ya Mahagi inapanda na ina baridi. Shimo linaloivisha kwa siku nne kule chini linaweza kutaka siku sita ao saba mlimani. Shemeji yako wa Mambasa akikuambia siku nne, amesema kweli ya kwake.

Kuko namna ya kujua bila kubahatisha. Nunua kwa farmasi chupa ndogo ya iodi, ile dawa ya rangi ya udongo inayopakwa kwenye vidonda. Kata ndizi katikati, paka tone kidogo, ngoja dakika moja. Fasi yenye wanga inageuka nyeusi-bluu. Ndizi ikiwa nyeusi yote, funika shimo tena. Ikiwa na madoa madogo tu katikati, kesho. Ikibaki na rangi ya iodi yenyewe, wanga umekwisha, toa ndizi. Jaribuni vidole vitatu: cha juu ya shimo, cha kati na cha chini, maana hawaivi pamoja. Ndizi zilizopakwa iodi zitupwe, zisiingie katika juisi.

Dirisha la harufu ni fupi. Ganda liwe njano yote, hata ncha isiwe kijani, na nyama iwe bado imeshikamana. Siku moja kabla yake, harufu haijafika. Siku mbili baada yake, ndizi inakuwa laini mno, juisi haijitengi tena na nyama, mnapata tope zito. Na kabla ya kumenya, tandikeni ndizi kivulini, hewani, saa tatu ao ine, ili moshi utoke. Moshi kidogo unapendwa na wanywaji wengine; mwingi unafunika kila kitu, na watu wanasema pombe haina harufu kumbe iko, imefunikwa.

Kukamua

Hapa nitapita haraka, wamama wanajua kuliko mimi. Mambo mawili tu. Nyasi za kukamulia ziwe safi na kavu. Nyasi mbichi zinaacha harufu ya shamba lililofyekwa. Na juisi ikianza kutoka safi, simamisheni mikono. Anayekandakanda ili apate lita mbili zaidi anapata nyama iliyosagika, juisi inakuwa nzito na ladha inalala.

Maji, mshitakiwa wa kwanza

Kama ningepaswa kuweka kidole kwenye kosa moja, ningekiweka hapa. Bei ya ndizi ikipanda, maji yanaongezeka. Hakuna anayesema, lakini kikombe kinasema.

Fanyeni hesabu. Juisi nzuri ya ndizi za pombe inaweza kuwa na sukari gramu 20 katika kila gramu 100. Ukitia maji sawa na juisi, sukari inarudi 10. Harufu nayo inagawanyika mbili, na kilevi pia. Hakuna chachu duniani itakayorudisha nusu uliyoiondoa.

Kupima si lazima kununua chombo cha maabara. Tafuteni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu na mzani wa gramu wa butiki (si ule mdogo wa wanunuzi wa dhahabu, ule hautabeba chupa). Jazeni maji safi mpaka alama, pimeni. Ukiondoa uzito wa chupa tupu ni gramu 1,500. Sasa jazeni juisi mpaka alama ileile. Juisi yenye sukari 20 itaonyesha karibu gramu 1,620. Ikionyesha 1,560, iko nusu: ao ndizi hazikuiva, ao mtu amekwisha kutia maji. Juisi iwe imechujwa, na mpime siku ileile ya kukamua, kabla haijaanza kutoa povu, maana ikianza kuchacha inazidi kuwa nyepesi na mzani utawadanganya.

Kwa jaribio, anzeni na lita 15 za juisi nzito na lita tano za maji. Kama wateja wenu wamezoea nyepesi, ongezeni lita moja moja mkiandika, mpaka mpate kiasi ambacho bado kinanukia na bado kinaleta faida. Kooperative ikikubaliana kiasi kimoja, mnunuzi atajua anachonunua.

Maji yenyewe yatoke fasi safi, yachemshwe na yapoe. Kuko jambo ambalo wengi hawalitegemei: maji yaliyotiwa dawa ya klorini, kama yale tunayotengeneza nyumbani wakati wa kipindupindu, ni mazuri ya kunywa na muendelee kuyanywa, lakini katika pombe klorini inashikana na vitu vya ganda na vya moshi, na inazaa harufu ya dawa ya hospitali. Ni kidogo sana kinachohitajika kuharibu. Maji hayo yachemsheni bila kifuniko, klorini inatoka, kiisha muyafunike yapoe.

Mtama

Mtama uliokaangwa njo "hopi" ya kasikisi, kwa maana ya kwamba unaleta rangi, ladha ya mkate na uchungu kidogo wa kupendeza. Na kama hopi, unazeeka. Unga wa mtama uliokaangwa wiki mbili zilizopita na kukaa wazi sokoni una rangi tu. Kaangeni punje wenyewe, kwa moto mdogo, mkikoroga bila kuacha, mpaka rangi iwe kama ya karanga iliyokaangwa na nyumba inukie mkate. Ukifika nyeusi umeharibu: unaleta majivu kinywani. Sageni siku hiyohiyo ao kesho yake. Mashini ya kusaga ikiwa imetoka kusaga mihogo iliyolowekwa, acheni mteja mmoja wa mahindi apite kwanza, ao mtwange kwa kinu.

Kilo moja ya unga kwa lita 10 ao 12 za juisi iliyokwisha kuchanganywa na maji inatosha kwa kuanzia. Mtama wenye ukungu musiununue hata ukiwa bei ya bure. Sumu ya ukungu haitoki kwa kukaanga wala kwa kuchacha, na inakaa katika ini la mnywaji.

Watu waliosafiri Tanzania watawaambia juu ya mbege ya Kilimanjaro. Wachaga wanatengeneza pombe ya ndizi na ulezi, na wanaipa uchungu kwa magome ya mti unaoitwa msesewe. Njo mfano wa karibu zaidi wa hopi katika Afrika yetu ya mashariki, na ni elimu ya wazee wao inayostahili heshima. Lakini musivunje magome ya mti wowote unaofanana mkatia ndani ya bidoni. Msesewe ni wa ukoo wa miti yenye dawa kali za kushusha presha ya damu. Wachaga wanaujua mti wenyewe na kipimo. Sisi tukibahatisha tutampeleka mteja hospitali.

Bidoni na siku

Plastiki inakumbuka. Bidoni iliyobeba mazuti ao mafuta ya mawese itatoa harufu hiyo hata ukiiosha mara kumi. Kooperative iwe na bidoni za pombe peke yake, zenye alama, zioshwe kwa maji ya moto mara tu zikiisha, kabla masalio hayajakauka.

Musijaze mpaka juu; povu linataka nafasi. Siku ya kwanza funikeni kwa kitambaa safi, gesi itoke. Musikaze kifuniko wakati inachacha, bidoni itavimba na inaweza kupasuka. Povu likitulia, fungeni vizuri, kwa sababu sasa adui ni hewa: bakteria wanaotengeneza siki wanahitaji hewa, na harufu nayo inatoka kwa mlango uleule. Bidoni zikae kivulini, chini, penye ubaridi. Pombe inayochacha juani inatoa harufu kali ya kuchoma pua, na gesi inayotoka kwa nguvu inabeba harufu nzuri nje.

Kule penye joto saa 24 zinatosha mara nyingi. Penye baridi saa 48. Kiisha iuzwe. Siku ya pili baada ya hapo bado ni nzuri, siku ya tatu inaanza kuwa chungu-kali, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kama soko ni siku ya posho, hesabuni kwa kurudi nyuma: kukamua siku ya ine, ao siku ya tano asubuhi kwa wale wa joto, na shimo lifungwe kulingana na siku za mlima wenu. Wengi wanafunga shimo siku wanayopata nafasi, kiisha pombe inangoja soko. Inangoja ikipoteza harufu.

Masalio ya chini ya pombe iliyotoka vizuri yanaweza kuwa chachu ya safari ijayo, kikombe kimoja kwa bidoni ya lita 20. Yanuse kwanza. Yakinukia siki, mwaga.

Njia ya mkato

Sukari inayotiwa katika juisi dhaifu inageuka kilevi, haigeuki harufu. Hamira nyingi ya mkate inaleta harufu ya hamira. Anayetia lotoko ndani ya kasikisi ili "ishike" anauza kitu kingine kwa jina la kasikisi, na hajui ndani kuna nini: ndizi zina pektini, pektini inazaa metanoli kidogo, na mtungi wa kukonga uliotengenezwa vibaya unaikusanya. Metanoli inaweza kupofusha macho na kuua. Kooperative ikiona mwanamemba anafanya hivyo, izungumze naye mapema, kabla mnunuzi mmoja hajaumia na soko lote kufungwa.

Namna ya kujaribu pamoja

Musibadilishe mambo matano kwa mara moja, hamtajua lipi lilisaidia. Chukueni juisi ya shimo moja, igawanyeni katika bidoni mbili za lita tano. Kila kitu kiwe sawa isipokuwa kimoja: maji kidogo katika moja, ya kawaida katika nyingine. Ao mtama wa leo katika moja, wa sokoni katika nyingine.

Siku ya kuonja, kila mtu apewe vikombe vitatu: viwili vya bidoni moja, kimoja cha bidoni nyingine, bila kuambiwa vipi ni vipi, na mpangilio ubadilishwe kwa kila mtu. Aonyeshe kile kilicho tofauti. Waonjaji wakiwa 12, wanne watapata kwa bahati tu, hata wakiwa na mafua. Wakipata nane ao zaidi, tofauti ni ya kweli, na sasa muulize ni ipi wanaipenda. Wakipata watano, badiliko lile halina maana kwa mnunuzi, musiongeze gharama juu yake.

Waonjaji wasiwe wale waliokamua. Wanywe kidogo, wasukutue kinywa kwa maji katikati, na ifanyike asubuhi kabla ya chakula chenye pilipili. Karani aandike ndani ya daftari: tarehe ya kukata mkungu, siku za shimo, rangi ya iodi, uzito wa chupa, lita za maji, kilo za mtama, saa za kuchacha, na idadi ya waliopata. Mkifikisha kurasa tano ao sita, leteni daftari kwenye mkutano wa kooperative, tutalisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa.